Shajara ya mradi: wanafunzi wa barabara ya Kasenga wakijaribu kazi Lubumbashi

Septemba 2023

Prefe, mkuu wa shule yetu, ametia sahihi. Kuanzia mwaka huu wa masomo, wanafunzi wetu wa mwaka wa 3 na wa 4 wa humanite (sekondari ya juu) waliotimiza miaka 16 watakuwa wakitoka shuleni kwa vipindi vilivyopangwa, waende kufanya kazi na watu wa kazi. Wengine watabaki hapa kijijini, wengine watashuka Lubumbashi, kilomita 40 hivi kwa barabara ya Kasenga. Wakirudi wataandika walichofanya, na sisi walimu tutapanga masomo tukianzia hapo.

Shule yetu ina fani moja tu, pedagojia, yaani ualimu. Shule nyingi za vijijini hapa Kongo ziko hivyo, maana fani hiyo haidai mashine wala maabara; ukiwa na ubao na chaki unafungua darasa. Mtoto akimaliza mwaka wa 8 wa elimu ya msingi anafanya TENASOSP, mtihani wa taifa unaotakiwa kumwelekeza kwenye fani inayomfaa. Lakini fani hiyo ikiwa iko mjini, na mjini hana ndugu wa kumpa mahali pa kulala, anabaki hapa hapa. Ndiyo maana tuna vijana wanaosomea ualimu bila kuupenda. Linaniuma, kwa sababu mtu aliyesukumiwa darasani atawafundisha watoto wetu miaka mingi bila moyo.

Kabla ya yote niliwapa karatasi waandike kazi zote wanazozijua, na mbele ya kila kazi mtu wanayemfahamu anayeifanya. Karatasi zilifanana kupita kiasi: mwalimu, muuguzi, mchungaji, askari, dereva, mwenye duka, mkulima, mchoma makala (makaa), mgodi. "Mgodi" waliuandika hivyo hivyo, kana kwamba ni kazi moja. Tangu shaba ya kwanza iyeyushwe Lubumbashi mwaka 1911, kijana wa Katanga akiulizwa kazi ni nini, jibu la kwanza ni mgodi. Ila ndani ya mgodi mmoja kuna mpima ardhi, mkemia, fundi wa pampu, mtunza stoo, mhasibu, mpishi, muuguzi, fundi wa umeme. Watoto wetu wanaona malori yakipita na watu waliovaa kofia ngumu, basi. Na mbele ya "mgodi" wengi waliandika kaka au mjomba anayechimba kwa mkono mashimoni.

Umri wa miaka 16 umetoka kwenye sheria ya kumlinda mtoto, namba 09/001 ya 10 Januari 2009. Chini ya hapo mtoto haingizwi kazini. Kati ya miaka 16 na 18 ni kazi nyepesi tu, zisizodhuru afya. Kwa hiyo mashimo ya madini hayamo kwenye mradi huu kabisa, hata mzazi akija kuomba. Tumekwisha kuombwa.

Oktoba

Mkutano wa wazazi ulichukua mchana mzima, na ulistahili. Baba mmoja, mchoma makala, alisimama akauliza: "Mwalimu, batoto batatumika bure, faida itaenda kwa nani?" Watu walipiga makofi. Swali hilo lina historia ndefu katika mkoa huu, na haikufaa kulijibu kwa maneno matamu. Tulikaa tukaandika barua ya makubaliano pamoja na wazazi, mstari kwa mstari. Mwanafunzi hachukui nafasi ya mtu anayelipwa. Anakula chakula cha mchana kwa mwenye kazi. Nauli ni ya mradi. Anafika nyumbani kabla giza halijaingia, au analala kwa ndugu ambaye sisi tumemtembelea. Wasichana wanakwenda wawili wawili, na pale kazini lazima awepo mama mzima. Mama mmoja akaongeza sharti ambalo sasa liko kwenye barua: mwanafunzi hatumwi pombe wala sigara.

Kutafuta wenye kazi kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia kwa mafundi wadogo, na kugumu kwa makampuni makubwa. Fundi wa milango huko komini ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, alikubali tukiwa bado tumesimama mlangoni. Kampuni moja ilituomba barua, kisha barua nyingine, kisha nakala ya barua ya kwanza. Tumewaacha. Kwa sasa tunao: karakana ya milango na madirisha, duka la sola, mashine ya unga, cherehani za mama mmoja wa komini ya Katuba, redio ya hapa mkoani, kituo cha afya cha kijiji, fundi wa pampu za maji, na mwanakilimo anayefuatilia mashamba ya mahindi upande huu wa barabara.

Novemba

Mvua za kwanza. Kundi la kwanza limekwenda na kurudi, na nimesoma madaftari yao yote usiku mmoja. Karibu kila sentensi inaanza na "niliona". Niliona fundi akipima. Niliona akikata chuma. Niliona mama akishona koti. Mwanafunzi wa duka la sola ameandika ukurasa mzima kuhusu wateja walioingia na kutoka. Wenye kazi waliwapokea kwa heshima sana, wakawapa viti. Kijana wa shule, mwenye shati jeupe na barua yenye muhuri, ni mgeni. Mgeni hapewi kazi, anapewa kiti. Na ukishakaa kwenye kiti karakanani hujifunzi kitu.

Daftari moja lilikuwa tofauti kabisa, la binti wa mwaka wa 3 aliyekwenda na fundi wa pampu, hapa hapa kijijini. Nilikuwepo siku hiyo, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Pampu yenyewe ni India Mark II, ile ya mkono wa chuma ambayo imeenea vijijini sehemu nyingi za Afrika. Ilikuwa inachosha watu: unapiga mkono mara nyingi kabla maji hayajaja, na ukiiacha nusu saa unaanza upya. Kwa aina hii huwezi kuifikia silinda iliyoko chini bila kuyatoa mabomba yote, moja moja, kila moja la mita 3. Wanaume walishika koleo na kibano, wakayavuta. Fundi akamgeukia binti, akamwambia, "Miye naangalia silinda. Bomba ni zako. Likitoboka na hatukuliona, mama yako atarudi mtoni." Akamwonyesha mara moja: ziba mdomo wa chini kwa kiganja, mimina maji hadi juu, futa bomba likauke, subiri, tazama.

Alifanya hivyo kwa kila bomba. Mengine alikuwa akiyafuta kwa kitenge chake mwenyewe. Fundi naye alikuwa ameshakuta mpira wa pistoni umeliwa, na kila mtu aliyekuwa pale aliamini ugonjwa umepatikana. Binti akasema la tano linalia. Tukainama. Karibu na uzi wa kuungia, mahali ambapo kutu ilikuwa imefanya duara la rangi ya kahawia, tone lilikuwa linajikusanya polepole, linaanguka, linajikusanya tena. Tundu lenyewe hukuweza kuliona kwa macho. Maji yalikuwa yanarudi kisimani kupitia hapo kila pampu ilipopumzika. Wangebadilisha mpira peke yake, shida ingebaki pale pale na watu wangesema fundi amekula pesa zao.

Bomba likabadilishwa. Mabomba yalikuwa 8, kwa hiyo silinda inakaa mita 24 chini. Hesabu hiyo aliifanya binti na kuiandika kwenye daftari la kamati ya maji, ambalo halikuwa na kina cha kisima hicho mahali popote. Kesho yake mwalimu wa kemia alifundisha kwa nini maji yenye asidi hula bomba la chuma lililopakwa zinki, na darasa lilikuwa na maswali kuliko muda.

Kutokana na siku hiyo tumebadilisha mpango mzima. Kuanzia sasa hatupeleki mwanafunzi mahali ambapo hakuna kazi moja ya kuachiwa. Kazi hiyo iwe nyepesi kwa mujibu wa sheria, iweze kufundishwa kwa siku moja, na ikikosewa ionekane. Na mwanafunzi aijibie yeye. Nimewapigia simu wenye kazi wote kuwaeleza. Fundi wa milango alielewa haraka, akasema hivyo ndivyo naye alivyofundishwa na bwana wake.

Desemba

Kampeni za uchaguzi wa tarehe 20 zimemeza kila kitu. Magari ya kukodi hayapatikani, na shule yetu ni kituo cha kupigia kura, kwa hiyo madawati yamehamishwa. Kwa mama wa Katuba, kinyume chake, kazi imefurika: mashati na vitenge vya wagombea usiku na mchana. Wasichana wawili waliachiwa vifungo. Maelfu ya vifungo, umbali ule ule kati ya kimoja na kingine, kwa kipande cha kadi walichokikata wenyewe kama kipimo. Mmoja amesema hataki kuona cherehani tena maisha yake yote. Mwingine ameomba arudi Januari.

Tumeondoa wanafunzi mahali pamoja. Siandiki jina. Vijana wawili walikuwa wakiosha magari asubuhi hadi jioni, na siku ya mwisho walitumwa bia. Barua tulikuwa nayo, sharti la mama yule lilikuwemo, tukalionyesha, tukawachukua. Wazazi wao walipoona tumewarudisha siku ile ile, imani yao kwa mradi iliongezeka. Baba wa mmoja ndiye sasa anayetupakia kwa gari lake la samaki wa mto Luapula linaposhuka mjini na nafasi ipo mbele.

Januari 2024

Karakana ya milango. Kazi ya kuachiwa: kuhakiki kona kabla fundi hajachomelea moja kwa moja. Moto na miwani ya kuchomelea ni vya fundi. Utepe wa kupimia na chaki ni vya mwanafunzi.

Wengi wanaomaliza shule wanamjua Pitagora kwa kumkariri. Hawa wamemkuta chini, juu ya sakafu ya saruji, akiwa fremu ya mlango ya sentimeta 90 kwa 210. Fundi hana haja ya jina lake. Anapima ulalo mmoja, kutoka kona hadi kona inayoikabili, anapima wa pili. Vikilingana, kona ni sawa, visipolingana mlango utagoma kufunga na mteja atarudi na maneno. Siku ya pili msichana aliyeachiwa kazi hiyo alipata 229.5 upande mmoja na 227.5 upande wa pili. Fundi alikuwa tayari ameshika kishikio cha moto. Msichana akanyanyua mkono, kama darasani. "Papa, ngoja." Papa akangoja. Akapima mwenyewe, akachukua nyundo, akaigonga ile kona ndefu mara mbili, taratibu, akamrudishia utepe. Ulalo wote wawili ukawa 228.5.

Alipotusimulia darasani nilimwomba mwenzake atafute ulalo huo kwa hesabu, bila utepe. 90 mara 90 ni 8,100, 210 mara 210 ni 44,100, jumla 52,200, kipeuo cha pili chake 228.5 kasoro kidogo sana. Kimya kikaingia, halafu mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe ni kile kile." Nimefundisha somo hili miaka mingi na sijawahi kuwaona wakilipokea hivyo. Wiki hiyo wanafunzi walipima milango ya shule yote, na ofisi ya prefe ndiyo iliyoonekana imepinda kuliko zote.

Duka la sola nalo limeanza kwenda vizuri. Kijana wa pale ameachiwa kupima betri zinazorudishwa na wateja. Betri ya risasi ya volti 12 ikitulia baada ya kuchajiwa inapaswa kusoma 12.6 hivi, ikisoma 11.8 imekwisha. Anaandika namba, tarehe na lalamiko la mteja. Kwa mtoto ambaye kijiji chake hakina waya wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kazi hii ina maana ya moja kwa moja, na ameanza kuulizwa ushauri na wazee nyumbani. Hilo la kuulizwa na wazee nalihesabu kuwa kubwa.

Februari

Mvua imekatika mahali ambapo haikupaswa kukatika. Mahindi yanajikunja majani saa nne asubuhi. Wanafunzi kadhaa wamebaki shambani kuwasaidia wazazi kupanda maharage palipoungua mahindi, na tumekubali bila kuwaandika watoro.

Kituo cha afya: nilikuwa na wasiwasi hapa kuliko kote, kwa sababu ya damu. Muuguzi mkuu tulikubaliana naye tangu mwanzo: sindano, damu na wagonjwa waliolala hawamo. Binti tuliyempeleka ni yule ambaye tangu akiwa mdogo anasema atakuwa daktari. Aliachiwa fishi, yaani kadi, za stoo ya dawa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, tarehe ya kuisha, na zinazoisha mapema zitangulie mbele kwenye rafu. Siku ya kwanza alihuzunika, aliniambia, "Mwalimu, miye nilitaka wagonjwa, bamenipa makaratasi."

Baada ya muda muuguzi akamfundisha kukadiria oda, na hapo mambo yakabadilika. Unachukua matumizi ya miezi 6, unatafuta wastani wa mwezi. Tuseme vipimo vya malaria vilitumika 120, 140, 0, 160, 150, 130. Ukijumlisha yote ukagawa kwa 6 unapata 117 hivi. Binti akauliza ile 0 imetoka wapi, malaria ilikwenda likizo? Mwezi ule stoo ilikuwa tupu. Wagonjwa walikuja, vipimo havikuwepo. Mwezi wa namna hiyo unauondoa kwenye hesabu, unagawa kwa 5, unapata 140. Ukiuacha, unaagiza kidogo, unaishiwa tena, na safari ijayo wastani unashuka zaidi. Aliandika kwenye daftari lake: "Mtu anaweza kukosa kipimo kwa sababu ya mtu aliyegawa vibaya." Sasa anataka kujua ni shule gani inafundisha famasia. Tumeanza kumtafutia habari Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Machi

Tarehe 29 Februari Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Huku kwetu habari hiyo iligeuka haraka kuwa bei ya unga, kwani unga na mahindi mengi ya Lubumbashi hupitia mpakani Kasumbalesa kutoka kwao. Wanafunzi wawili wa mashine ya unga wako katikati ya jambo hilo. Waliachiwa mzani na daftari la foleni, kazi iliyoonekana ndogo Januari. Sasa mama analeta kilo 5 badala ya debe, na gramu 100 zinaweza kuzua ugomvi. Umeme nao unakatika, foleni inalala. Mwenye mashine ameniambia hao vijana wawili wanaaminiwa kuliko yeye, kwa kuwa wanapima mbele ya macho ya mteja na kusoma namba kwa sauti. Mwalimu wa uchumi amechukua daftari lao la bei, wiki kwa wiki, na ndilo kitabu chake cha kufundishia muhula huu.

Mwanakilimo alikuja kwa kundi la wanafunzi wa kuchukua sampuli za udongo. Kwa jinsi mahindi yalivyo mwaka huu, hakuna somo lililosikilizwa kama hili. Unatembea shamba kwa zigizaga, unachimba sehemu 15 hivi, kila mahali kuanzia juu hadi sentimeta 20, unakusanya kwenye ndoo ya plastiki. Ya bati lenye zinki hapana, itachafua kipimo. Unachanganya, unagawa mafungu manne, unatupa mawili yanayokabiliana, unarudia hadi ibaki nusu kilo. Lebo inaandikwa kwa penseli, kwani wino ukipata unyevu unapotea. Kijana mmoja aliandika kwa kalamu ya wino akaambiwa arudie shamba zima. Alirudia bila kununa. Udongo mwingi wa huku una asidi, na kwenye udongo wa namna hiyo mbolea ya duka inaweza kumwagwa bila mmea kuifaidi vizuri mpaka chokaa itangulie. Wazazi walikuwa wamesimama pembeni, na maswali mengi yalitoka kwao.

Wakati wa kupumzika mwanakilimo aliwasimulia kuhusu Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa Katanga unaopenda udongo wenye shaba. Watafutaji wa madini waliufuata, na wachunguzi wa mambo ya kale waliutumia kujua mahali palipokuwa na tanuri za wahenga. Nilimwona kijana anayetaka "mgodi" ameacha kula. Akauliza mtu anayejua mimea hiyo anaitwaje na analipwa na nani. Tangu Septemba nilikuwa nikimsubiri aulize swali la namna hiyo.

Aprili

Likizo ya Pasaka tumeitumia kwa mazoezi marefu, wanafunzi wakilala kwa ndugu zao mjini. Tuliwapitisha pia INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa 1964, waone madarasa ya ufundi wa magari, umeme na mitambo ya baridi. Walichouliza sana ni ada na masharti ya kuingia. Waliandika kila kitu. Ziara ilikuwa fupi na ilitosha.

Redioni kijana wetu aliachiwa kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuandika dakika na sekunde ambapo kila swali linaanza, ili mhariri akate. Masikio yake ni mazuri ajabu. Ila ameomba aondolewe mapema, akaomba kwa heshima: hapendi kukaa ndani siku nzima, anataka kurudi kwenye mizinga ya nyuki ya babu yake. Baadhi ya walimu wamesikitika. Mimi nimefurahi kwa dhati. Kujua akiwa na miaka 17 kwamba chumba kisicho na dirisha kinamkosesha raha kumemgharimu siku chache tu, wakati wapo wanaokuja kujua wakiwa wameshasoma miaka 5 na mzazi ameshauza ng'ombe. Na asali ya misitu ya miombo ina soko mjini. Tumemtafutia mama mmoja anayechuja na kufunga asali kwenye chupa, aone upande ambao babu hakuwahi kuuona.

Mei

Tulialika wenye kazi waje shuleni wawahoji wanafunzi mbele ya wazazi. Hotuba hatukuweka, kila fundi alileta kitu kilichoharibika. Fundi wa pampu alileta vali ya chini iliyokwama. Fundi wa milango alileta fremu aliyoipinda makusudi. Muuguzi alileta fishi yenye makosa matatu na hakusema ni mangapi. Binti wa famasia aliyapata matatu, akasema kuna la nne. Muuguzi akasogea, akasoma, akakaa kimya. La nne lilikuwepo kweli, lilikuwa la kituo chenyewe, la mwaka uliopita. Mama mzazi wa binti huyo hajui kusoma. Alikuwa amesimama karibu na mlango, na watu walipoanza kumpigia mtoto makofi alimuuliza jirani yake, "Amesema nini? Amesema nini?" hadi akaelezwa.

Baba yule mchoma makala aliyeuliza faida itaenda kwa nani alikuwepo. Aliomba neno. Alisema mwanawe wa mashine ya unga amemwekea daftari la magunia ya makala, na amegundua kwamba mnunuzi wa mjini huwa anapakia gunia kubwa kuliko walilokubaliana. Sasa anauliza kama mradi unaweza kuwapima wote, kijiji kizima. Tumeliandika kama ombi rasmi.

Nilichokiona mwaka huu nakiandika hapa wazi, ili mwalimu atakayepokea mradi asianze upya: mwanafunzi aliyeachiwa kitu mkononi amerudi na maswali, na aliyepewa kiti amerudi na nidhamu tu. Ukubwa wa mahali hausaidii. Kituo cha afya chenye chumba kimoja cha dawa kimetuzidishia kuliko ofisi yenye kompyuta nyingi ambako kijana wetu alikuwa akipanga mafaili kwa rangi. Ofisi hiyo haimo kwenye orodha ya mwaka ujao.

Juni

Wa mwaka wa 4 wako kwenye maandalizi ya mtihani wa taifa, ule unaofanyika tangu 1967, kwa hiyo kazini wanabaki wa mwaka wa 3 peke yao. Yaliyobaki kabla ya kufunga shule:

Fundi wa pampu anaomba wanafunzi wawili kiangazi hiki, wakati visima viko chini na pampu zinaharibika sana. Sahihi za wazazi hazijakamilika. Mmoja wa baba yuko Kasenga kwa samaki na atarudi mwisho wa mwezi. Fundi wa milango anataka kumchukua msichana wa ulalo awe mwanafunzi wake wa kudumu baada ya shule, na familia inajadili kama atalala kwa shangazi yake Kampemba au la. Shangazi tumemtembelea, nyumba ni nzuri, kazi ya nyumbani ndiyo inayotutia shaka, itabidi tuongee naye tena. Viatu vya kazi vilivyokuja ni vikubwa mno kwa wasichana, vinarudishwa dukani. Zile sampuli za udongo bado ziko maabara, na wakulima wananiuliza kila Jumapili baada ya ibada. Mwanakilimo ameahidi majibu kabla ya Septemba, ili chokaa, kama inahitajika, inunuliwe kabla ya mvua. Prefe ameomba mwaka ujao wanafunzi wa mwaka wa 8 nao wahusishwe kabla ya TENASOSP. Kazini hawawezi kwenda, umri hauruhusu. Nimependekeza mafundi waje wao darasani, kila mmoja na kitu chake kilichoharibika. Fundi wa pampu amekubali kuanza.